Flopi za marehemu mzee: barua pepe za mwaka 1994 bado zinasomeka?

"Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Kwenye kabati lake tumekuta kopo la biskuti lenye flopi 14, zile diski ndogo za zamani za kompyuta. Nyingi ameandika kwa mkono wake neno 'Barua' na mwaka, kuanzia 1993 hadi 1997, alipokuwa Uingereza akisoma shahada ya uzamivu. Mbili zimeandikwa 'Mac'. Nikaazima draivu ya flopi ya USB. Flopi ya kwanza ilifunguka, nikakuta mafaili zaidi ya mia yenye majina yasiyoeleweka yanayoishia na CNM, na mengine PMM na PMI. Kompyuta inasema haina programu ya kuyafungua. Ya pili, Windows ikaniambia ni lazima niifomati kwanza, nikaogopa, nikaichomoa. Fundi mmoja wa mtaani anasema programu hiyo ilikuwa ya bure, ya wizi wizi, imeshakufa, na bila hiyo barua hazifunguki. Anataka laki tatu 'kuzivunja'. Kaka yangu anasema tuachane na flopi, tuwaandikie chuo watupe neno la siri la akaunti ya baba. Tufanye nini?"

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Nianze na ile flopi ya pili, maana pale ulipoogopa ndipo ulipofanya jambo la maana kuliko yote. Windows inaposema flopi inahitaji kufomatiwa, haisemi kwamba flopi ni tupu. Inasema imeshindwa kusoma sehemu ya mwanzo kabisa, ile yenye maelezo ya namna flopi ilivyopangwa. Barua zenyewe huenda ziko palepale, nzima. Ukibonyeza kukubali, unaanza kumfutia mzee barua zake. Kwa hiyo swali hilo likirudi tena, jibu ni hapana, hata kama limekuja mara kumi.

Laki tatu nazo zibaki nyumbani kwanza. Fundi wako huenda hana nia mbaya. Pengine ni kijana ambaye flopi ameiona tu kama kile kialama cha kuhifadhi faili kwenye Word. Lakini hakuna cha kuvunja hapo, kwa sababu hakuna kilichofungwa. Fanya jaribio hili: nakili faili moja tu la CNM kutoka ile flopi iliyofunguka, liweke kwenye kompyuta, kisha lifungue kwa Notepad. Utaona mistari inayoanza na From, To, Subject na Date, halafu mstari mtupu, halafu barua. Kila faili la CNM ni barua moja, maandishi matupu, kama ilivyopokewa. Kompyuta ilipokuambia haina programu, ilichomaanisha ni kwamba haijui herufi hizo tatu za mwisho zinaashiria nini.

Zinaashiria Pegasus Mail. Aliyeiandika ni David Harris, wakati huo mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Otago, mjini Dunedin, New Zealand. Chuo kilikuwa kimefunga mtandao wa Novell NetWare, wa kuunganisha kompyuta za ndani, na baada ya kuufunga wakagundua kwamba haukuja na programu ya barua pepe. Za kununua zilikuwepo, ila bei yake ilizidi bajeti. Harris akaandika yake katika muda wake wa ziada, wenzake wakaipenda, na mwaka 1990 akaiachia dunia bila malipo. Ilianza kwenye DOS, ikaja ya Windows, na kwa muda kulikuwa na ya Macintosh. Pesa yake ya kula aliipata kwa kuuza vitabu vya maelekezo: programu bure, kitabu kwa fedha. Januari 2007 alitangaza kwamba anaacha kwa kukosa kipato, watumiaji wakamwandikia kwa wingi, akarudi kazini. Kwa hiyo haijafa, na unaweza kuipakua bure hata leo.

Neno "wizi" lina asili yake, nisimlaumu fundi. Miaka hiyo nilikuwa nahudumia maabara ya kompyuta kwenye chuo kimoja hapa nyumbani, na nakiri kwamba programu nyingi tulizokuwa nazo zilitufikia kwenye flopi zisizo na lebo. Pegasus ilikuwa mojawapo ya chache tulizoweza kunakili mchana kweupe. Mwenyewe ametoa ruhusa, basi. Bure yake ilikuwa ya bei tu, kwani hakuwahi kugawa msimbo wa programu ili kila mtu aubadilishe atakavyo. Lakini kuitumia na kumpa jirani ilikuwa halali kabisa. Na haikuwa peke yake. Kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Steve Dorner aliandika Eudora mwaka 1988 kwa ajili ya Macintosh. Chuo Kikuu cha Washington kikatoa Pine. Programu bora za barua pepe za zama zile zilizaliwa vyuoni, kwa sababu vyuo ndivyo vilivyokuwa na mtandao, wanafunzi wengi na hazina nyembamba.

Sasa twende kwa kaka yako, maana wazo lake lina mantiki ya leo. Leo barua zetu zinakaa kwa mwenye huduma, sisi tunazichungulia tu kwa simu. Zamani mwendo ulikuwa mwingine. Kwenye mtandao wa NetWare kila mtumiaji alikuwa na chumba chake ndani ya saraka (folda) iitwayo MAIL kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mtandao, na jina la chumba lilikuwa namba yake ya utambulisho. Watu wote waliruhusiwa kuweka faili ndani ya chumba cha mwenzao, lakini si kusoma kilichomo. Ni kama tundu la barua mlangoni: unatumbukiza, mkono haupiti. Pegasus ilitumia ujanja huo huo. Ukimwandikia mtu wa mtandao wenu, programu ilitumbukiza faili chumbani kwake, basi, barua imefika. Haikuhitaji hata seva maalumu ya barua. Za kwenda na kutoka nje ya chuo zilipitia programu nyingine ya kati. Harris aliandika moja pia, akaiita Mercury. Na waliotumia njia ya POP, barua ilishushwa hadi kwenye kompyuta yao na kwa kawaida ikafutwa kwenye seva papo hapo.

Nafasi kwenye seva ilikuwa ya kugombaniwa, na mwanafunzi akimaliza masomo akaunti ilifungwa na chumba chake kusafishwa. Ndiyo maana mzee alikaa chini akanakili barua zake kwenye flopi, mwaka baada ya mwaka. Alijua hazitabaki. Kuwaandikia chuo si dhambi, ila msikae mkisubiri: barua za mwanafunzi wa 1994 kwa kawaida zilishafutwa zamani, na hata kama zingekuwepo, neno la siri la marehemu hawatolipeleka kwa mtu aliyejitambulisha kwa barua pepe tu. Yote mliyonayo yamo kwenye lile kopo la biskuti.

Kwa hiyo adui ni kopo, au tuseme muda na unyevu. Flopi ni duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku. Sumaku inafifia, gundi inayoshika unga inazeeka, na kama kabati la mzee lilikuwa Tanga, Mombasa au popote pwani, kuvu hupata makazi humo. Kabla hujaingiza flopi nyingine yoyote, sogeza taratibu kile kifuniko cha bati na uangalie uso wa duara kwa mwanga. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, au mikwaruzo ya mviringo, flopi hiyo iweke pembeni. Kuvu likipita kwenye kichwa cha kusomea linaikwaruza flopi hiyo, halafu linachafua na zinazofuata. Hapa nasema kwa uchungu: nimewahi kuharibu flopi tatu za mtu kwa namna hiyo, moja baada ya nyingine, nikidhani tatizo ni draivu.

Zilizo safi, geuza kidude cha plastiki cha kwenye kona hadi tundu libaki wazi. Hapo draivu haiwezi kuandika chochote hata Windows ikitaka. Flopi ya kawaida ya megabaiti 1.44 itakuwa na matundu mawili wazi, moja kila kona. Ukiona yenye tundu kona moja tu, hiyo ni ya zamani zaidi, ya kilobaiti 720, au ni ya Mac. Draivu nyingi za USB husumbuka nazo, usilazimishe.

Kisha usianze kunakili faili mojamoja. Vuta nakala ya flopi nzima kwa mpigo mmoja, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, iwe faili moja kwenye kompyuta. Kila mara unapoisoma flopi mbovu unaichosha, kwa hiyo isome mara moja vizuri, halafu mengine yote uyafanyie kwenye nakala. Kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, kuna programu ya bure iitwayo ddrescue ambayo kazi yake ni hiyo: inachukua kwanza sehemu zilizo rahisi, inarudi kwenye ngumu baadaye, na inaweka kumbukumbu ya pale iliposhindwa ili uweze kujaribu tena kesho au kwa draivu nyingine. Amri ni ddrescue -d -r3 /dev/sdb flopi01.img flopi01.map, lakini kabla ya kubonyeza hakikisha kwa amri ya lsblk kwamba sdb ndiyo flopi yenyewe na si diski yako kuu. Ukimaliza, faili la flopi ya 1.44 linapaswa kuwa na baiti 1,474,560. Likiwa pungufu, kazi haijaisha. Faili hilo unaweza kulifungua hata kwenye Windows kwa 7-Zip, kama unavyofungua faili la zip. Ile flopi ya pili iliyokutisha nayo ipitie njia hii. Mara nyingi draivu moja inakataa na nyingine, tena kuukuu iliyotolewa kwenye kompyuta ya 1998, inaisoma bila neno. Ukiweza, azima draivu mbili.

Ukishapata mafaili, unazo njia mbili za maana. Ya kwanza ni hiyo ya Notepad. Inatosha kwa CNM, na ukihitaji kusoma barua thelathini tu, usijisumbue na zaidi. Ya pili ni kupakua Pegasus Mail yenyewe na kuyaweka mafaili ndani ya saraka yake ya barua. Mafaili ya CNM yatajitokeza kama barua mpya, jambo ambalo, nikuonye, linagusa moyo kidogo: programu inakuambia baba yako ana barua ambazo hazijasomwa. Mafaili ya PMM ni folda, kila moja lina barua nyingi zilizoshonwa pamoja, na PMI ni faharasa yake tu. Faharasa ikiharibika inajengwa upya, kwa hiyo PMI likikosekana usilie. Ndani ya Pegasus, tengeneza folda mpya ya aina ya Unix, nakili barua zote humo, na faili litakalotokea linaingia Thunderbird, programu ya barua pepe ya siku hizi, na zitakazofuata baada ya Thunderbird, kwa miaka mingi ijayo. Hiyo ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu mnaweza kutafuta kwa jina au tarehe. Yale matangazo ya tovuti zinazokwambia "pakia faili lako hapa tulibadilishe", ziacheni. Barua za mzee zina majina ya watu, habari za ugonjwa, za madeni, za mapendekezo ya kazi. Hazina sababu ya kwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu msiyemjua.

Mtakapoanza kusoma mtakuta mambo ya ajabu. Kuna mistari mirefu isiyosomeka inayoanza na herufi M, juu yake imeandikwa begin 644 na jina la faili. Hilo si kosa, ni kiambatisho. Barua pepe za wakati ule ziliaminika kubeba herufi za kawaida za Kiingereza tu, baiti zenye biti saba. Faili la Word au la WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, lingepondeka njiani. Kwa hiyo kila baiti tatu ziligeuzwa kuwa herufi nne za kawaida, upande wa pili wakazirudisha. Kuanzia 1992 ukaja utaratibu wa MIME wenye kazi hiyo hiyo kwa namna nadhifu zaidi. Pegasus inajua zote mbili na itakutolea kiambatisho kwa kubofya, na kikiwa cha WordPerfect, LibreOffice itakifungua. Huenda sura za tasnifu ya mzee zimo humo.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotuheshimisha. Wafaransa na Wajerumani walipata barua zilizovurugika, kwa sababu herufi zao zenye vishada na vidoti hazikupita. Sisi hatuna kishada. Hata ng'ombe wetu anaridhika na alama ile moja ya kawaida. Barua ya Kiswahili ya 1994 ilisafiri dunia nzima na kufika bila mkwaruzo, na mtaisoma hivyo hivyo leo. Kitakachowachanganya ni pauni. Alama ya pauni haikuwa na mahali pa uhakika, kwa hiyo akiandika kwamba ametuma # 50, au mkiona œ50 kwenye Notepad, hizo ni pauni hamsini.

Anwani nazo. Vyuo vya Uingereza vilikuwa na mtandao wao, JANET, ambao kwa muda mrefu uliandika anwani kinyume, nchi ikianza: uk.ac halafu jina la chuo. Barua za 1993 huenda bado zina anwani za namna hiyo. Kichekesho chake kilikuwa idara za sayansi ya kompyuta, zenye cs mwishoni, kwa sababu cs ilikuwa pia nchi ya Czechoslovakia. Kompyuta iliyosoma anwani kwa upande usio wake ilikuwa tayari kupeleka barua Prague. Mkikuta barua kutoka kwa jamaa wa Afrika yenye anwani inayoishia na z5.fidonet.org, itunzeni. FidoNet ulikuwa mtandao wa kompyuta zilizopelekeana barua kwa kupigiana simu, na kanda yake ya 5 ilikuwa Afrika. Huku hatukuwa na intaneti ya moja kwa moja. Kompyuta ilipiga simu kwa modemu, kifaa cha kuiunganisha na laini ya simu, ikashusha na kupandisha mzigo wa barua kwa dakika chache, ikakata. GreenNet, mtandao wa kompyuta wa London, ilikuwa mojawapo ya malango ya kuziingiza barua hizo kwenye intaneti. Jibu la kesho kutwa lilihesabiwa kuwa la haraka.

Zile flopi mbili za Mac ndizo ninazokushauri usiziguse mwenyewe. Kama ni za kilobaiti 800, Macintosh ilizizungusha kwa kasi inayobadilika, na draivu ya kawaida ya PC haiwezi kabisa kuzisoma, hata uibembeleze. Zinahitaji Macintosh ya zamani yenyewe au kifaa maalumu kama Greaseweazle chenye uwezo wa kusoma mawimbi ya sumaku yalivyo. Kama ni za 1.44, draivu itasoma lakini Windows haitaelewa mpangilio wake, Linux itaelewa. Humo nategemea mtakuta Eudora: faili moja refu liitwalo In na jingine Out, maandishi matupu tena, kila barua ikitanguliwa na mstari wenye From ???@???.

Kwa hizo mbili, na kwa yoyote yenye kuvu, inayogonga-gonga ndani ya draivu, au ambayo ddrescue imeshindwa sehemu kubwa, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kitengo cha nyaraka cha maktaba ya chuo kikuu ni mahali pazuri pa kuulizia kuliko duka la simu, hasa kama mzee alikuwa mwalimu, kwani wenyewe pia wana flopi za kuokoa. Kabla hujamwachia mtu yeyote mzigo, muulize maswali mawili: atavuta nakala nzima kabla ya kufungua faili? Na atawarudishia flopi zenyewe? Akisita kwenye moja, beba kopo lako uondoke. Kuna jambo moja pia ambalo hata mjuzi anaweza kushindwa nalo: Pegasus iliruhusu kuifunga barua kwa neno la siri. Waliotumia walikuwa wachache, lakini mkikuta barua yenye vichwa vinavyosomeka na mwili wa takataka, isiyo kiambatisho, huenda ni hiyo.

Na hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo mtakalolitaka zaidi. Mafaili yale ya CNM, zaidi ya mia, ni barua alizoandikiwa. Sauti yake mwenyewe haimo humo. Alizoandika yeye Pegasus iliziweka kwenye folda ya nakala zake, katika faili liitwalo COPYSELF.PMM, kwa hiyo mkishavuta nakala za flopi zote tafuteni jina hilo kwanza. Ikiwa halipo, au flopi yake ndiyo iliyooza, rudini kwenye CNM na muangalie mistari inayoanza na alama ya >. Watu wa zama zile walipojibu waliyaacha maneno ya mwenzao ndani ya jibu, kila mstari na mshale wake. Unayakusanya yale yenye mshale kutoka barua hadi barua, unayapanga kwa tarehe, na mzee anaanza kuongea.